Pumzi Zangu, Ushauri Wenu

Mtu mwenye pumu akitaka kuishi kwa amani Dar es Salaam, ahamie mtaa ambao hajulikani na mtu. Sisi tumejiwekea salamu ndefu kuliko mazungumzo yenyewe. Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi, mama hajambo? Kila moja inadai jibu, na kila jibu linadai pumzi. Asubuhi za baridi za mwezi wa saba mimi natoka ndani nikiwa na pumzi ya "salama" mbili tu, na hizo namtunzia konda. Kwa hiyo napunga mkono, natabasamu, napita. Matokeo yake nusu ya Tabata inajua kwamba Baba Rehema siku hizi anaringa. Wapo wanaosema nimepata hela.

Ninaugua pumu tangu utotoni, na sijaona ugonjwa wenye madaktari wengi kama huu. Ukivunjika mguu watu wanakuonea huruma, wanakuachia kiti, basi. Ukibanwa kifua, kila aliye jirani anakuwa bingwa. Ubaya wake ni kwamba ushauri unatolewa saa ile ile ambayo huwezi kujibu. Mwenye malaria anaweza kubishana na mshauri wake. Mwenye tumbo la kuendesha anaweza pia, japo kwa vipindi. Mimi nikibanwa, kila nikifungua mdomo ni kwa ajili ya hewa, na anayenishauri anahesabu kimya changu kuwa nimekubali.

Chukua harusi ya mtoto wa rafiki yangu. Mchango nilitoa wote, hivyo tukapewa meza ya mbele kabisa, heshima kubwa. Kumbe heshima ile imepangwa ubavuni mwa mashine ya moshi. Maharusi wanaingia, MC anaitisha vigelegele, mashine inatema wingu jeupe, shangazi wa bwana harusi anapita na chetezo cha udi, na meza ya nyuma yetu wamekaa akina dada ambao kila mmoja amejipulizia marashi ya kumtosha na mwenzake. Keki haijafika kifua kikaanza kupiga mluzi.

Nikainuka nitoke nje. MC, Mungu amsamehe, akaniona nimesimama nimeshika kifua, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mzee amezidiwa na furaha, apigiwe makofi. Nikapigiwa. Mlangoni nikazidiwa kweli, na hapo likaitishwa baraza. Mlazeni chini! Mpeni maji ya baridi! Ya moto! Mfungueni mkanda! Mmoja akasema ni kifafa, ninusishwe kiatu, na kiatu akakivua. Wote wamenizunguka, kila mmoja anavuta ile hewa kidogo iliyobaki na kuitumia kunishauri.

Jamani, mtu aliyebanwa halazwi. Anakaa, anainama mbele kidogo, mikono juu ya magoti au mezani, ili misuli ya shingo na mabega isaidie kifua. Mwili unalijua hili wenyewe bila kufundishwa. Mimi nakaa, wao wananilaza; nakaa, wananilaza. Waliokuwa mbali walidhani tunafanya mazoezi ya tumbo.

Nilipofanikiwa kutoa inhela mfukoni, kelele zikakatika ghafla. Mama mmoja akamvuta mke wangu pembeni, akamwambia kwa sauti ya msibani: "Dada, kumbe mumeo amefika kwenye pampu? Pole sana." Maana katika mji huu inhela si dawa, ni hatua ya mwisho kabla ya sanda. Utaambiwa ukiianza huachi, inazoeleka, inaua moyo, inakausha mapafu. Mtu huyo huyo anayekuonya ana vidonge vya salbutamol kwenye mkoba, anameza viwili viwili akisikia kifua kizito, na anaona amejistahi.

Sasa hebu tupige hesabu, maana hapa kwenye karatasi pumzi ninazo. Mpulizo mmoja wa inhela ya salbutamol una mikrogramu 100. Kidonge kimoja kikubwa kina miligramu 4. Yaani aliyemeza kidonge amekunywa dawa ya mipulizo 40, ikapita tumboni, ikazunguka na damu mwili mzima, ikamtetemesha vidole na kumpiga moyo mbio, ndipo sehemu yake ikafika kifuani. Mimi niliyepuliza miwili mahali panapohusika ndiye ninayepewa pole.

Na niwaeleze kinachotokea humo ndani, labda mtapunguza kelele. Hewa inapita kwenye mirija inayogawanyika na kugawanyika hadi inakuwa na upana usiofika milimita moja, na mwisho wake kuna vifuko vidogo, mamilioni kwa mamilioni, ambako damu inachukua oksijeni na kuacha hewa ukaa. Mirija ya mwenye pumu ina hasira za karibu. Ikikutana na kisichoipendeza, iwe moshi, vumbi, mafua au kinyesi cha mende (ndiyo, mende ni mmoja wa wachochezi wakubwa), inafanya mambo matatu kwa mpigo: misuli inayoizunguka inabana, ukuta wake wa ndani unavimba, na ute mzito unajaa katikati. Ukivuta pumzi kifua kinatanuka na mirija inatanuka kidogo, hewa inapenya. Ukitoa, mirija inasinyaa, na ile iliyokwisha kubanwa inafunga. Kwa hiyo shida yangu kubwa si kuingiza hewa, ni kuitoa. Kifua changu ni daladala la Mbagala saa kumi na moja jioni: kila kituo wanapanda, hakuna anayeshuka, na konda bado anaapa kwamba nyuma kuna nafasi. Hewa ya zamani imekalia siti, mpya inaning'inia mlangoni. Yule dada wa harusini aliyekuwa akinipigia kelele "vuta pumzi, baba, vuta!" alikuwa ananiongezea abiria.

Mluzi nao unawatisha watu pasipo sababu. Mluzi ni hewa inayopita kwenye upenyo uliobaki; unakera, lakini walau kuna kinachopita. Kifua kilichobanwa kupita kiasi hunyamaza. Hapo ndipo ndugu wanaposhukuru Mungu kwamba mgonjwa "ametulia" na kurudi kwenye pilau, na hapo ndipo pa kutafuta gari mbio. Vivyo hivyo kwa asiyeweza kumaliza sentensi moja bila kuikata, aliyebadilika rangi ya midomo, au aliyepuliza dawa na haoni nafuu. Huyo hahitaji mshauri, anahitaji dereva.

Lakini hata hospitali kuna kero zake. Kliniki ya kifua ninakotibiwa ipo ghorofa ya tatu. Lifti imebandikwa karatasi ya MBOVU, na karatasi yenyewe imeshapauka. Kliniki ya macho ipo chini, mkabala na mlango. Wagonjwa wa kifua tunapanda kwa awamu, tunakutana kwenye kona za ngazi tumeshika ukuta, tunatazamana, hakuna anayemsalimia mwenzake na hakuna anayenuna. Ndiyo jamii pekee mjini inayonielewa. Ukifika juu huhitaji maswali mengi: anayehema anaandikiwa dawa, na asiyefika si mgonjwa wao.

Huko juu nesi alinibana kidole na kile kidude chenye taa nyekundu, kikasoma 97. "Uko vizuri, mzee, kaa kwenye foleni." Namba ilikuwa ya haki, kwani kuanzia 95 unahesabiwa salama. Ila oksijeni inaweza kubaki salama muda mrefu huku misuli ya kifua ikijiua kuilinda, na kidude hakipimi jasho. Isitoshe, kinachomfanya mtu ajisikie anakabwa aghalabu si oksijeni kupungua, ni hewa ukaa. Sehemu ya chini ya ubongo inaionja damu wakati wote, na hewa ukaa ikipanda kidogo tu inapiga king'ora. Pamoja na hayo ubongo unapata habari za misuli inayosukuma na kifua kisichoitikia. Basi mtu anaweza kuwa na 97 kidoleni na bado anaona kaburi. Nilitaka kumweleza nesi yote haya. Nilifika kwenye "lakini".

Kisha kuna spirometa, ile mashine ya kupuliza. Fundi wake ni kijana mpole ambaye akishika mashine anageuka kocha: puliza, puliza, endelea, endelea, endelea, usiachieee! Mtu umeletwa kwa kukosa pumzi, unadaiwa pumzi. Aliyeanzisha zogo hili ni daktari wa London, John Hutchinson, aliyeitangaza mashine yake mwaka 1846 baada ya kuwapulizisha watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia, polisi na zimamoto, na kugundua kwamba kadiri mtu anavyozidi urefu ndivyo pumzi zake zinavyozidi. Alikuwa na uhusiano na kampuni ya bima ya maisha, na alitaka kipimo hicho kiwasaidie watu wa bima kujua nani ni wa kudumu na nani si wa kudumu. Kwa hiyo bima ilishaanza kuyachungulia mapafu yangu hata babu yangu hajazaliwa. Na bado bima yangu mimi imejibu kwamba kipimo hicho hakimo kwenye kifurushi.

Inhela zangu ni mbili, na hapo ndipo nagombana na mji mzima kwa zamu. Ya bluu ni salbutamol: inalegeza misuli ndani ya dakika chache, na baada ya saa nne hadi sita imemaliza kazi. Uvimbe haiugusi. Ya kahawia ni beklometasoni, dawa ya jamii ya steroidi: inatuliza uvimbe polepole, siku kwa wiki, na inapulizwa kila siku hata ukiwa mzima wa afya, kisha unasukutua mdomo ili ulimi usiote utando mweupe. (Rangi hutegemea mtengenezaji, kwa hiyo soma jina, usisome rangi.) Ya bluu inapendwa kwa sababu unaiona ikifanya kazi. Ya kahawia haina sifa yoyote isipokuwa kwamba mwezi unapita hukubanwa, na nani anasifia jambo ambalo halikutokea? Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, unasema mtu mzima asitibiwe kwa ya bluu peke yake, maana unaweza ukawa unalegeza misuli kila siku huku uvimbe unakua chini kwa chini. Nenda sasa kawaeleze hayo duka la dawa la mtaani.

"Umebanwa, baba?"

"Hapana."

"Mgonjwa yuko nyumbani?"

"Mgonjwa ni mimi."

"Mbona hujabanwa?"

"Ndiyo kazi yake."

Akamwita mwenzake aje anione.

Baba mkwe wangu yeye hana habari na rangi. Anaamini pumu ni ugonjwa wa wanaume waliodekezwa. Enzi zao hakuna mwanaume aliyebanwa. Siku moja nikiwa na pumzi za kutosha nikamkumbusha Che Guevara, aliyeugua pumu tangu akiwa na umri wa miaka miwili, na hiyo hiyo pumu yake mwezi wa nne mwaka 1965 akavuka nayo Ziwa Tanganyika usiku kutokea Kigoma, akaingia milima ya Congo kupigana miezi saba, akijiita Tatu. Mzee akanyamaza kwa muda, nikadhani nimeshinda. Akauliza walishinda vita? Nikasema hapana. "Unaona," akasema.

Wengine hawanishauri, wananikopa. Jirani yangu, mzee mstaafu, alikuwa ananigongea saa nane za usiku: "Mwanangu, hebu nipulizie kidogo hiyo ya kwako." Nampulizia, anasema afadhali, kesho kutwa yuko mlangoni tena. Nikamuuliza mzee, kwani unalalaje? Akasema kwa mito mitatu, akiteremsha kichwa tu anaamka anatweta. Na miguu jioni haiingii kwenye viatu. Hayo si ya pumu. Moyo uliochoka kusukuma unaacha maji yarudi nyuma na kujaa mapafuni, na ukilala chali ndiyo yanapata nafasi ya kutandaa. Alibisha mwezi mzima, kwa sababu pumu ameichagua mwenyewe na mtaa umemkubalia. Watoto wake wakamburuta hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, moyo ukakutwa umetanuka. Sasa ana dawa zake, mojawapo ya kukojoa, na hata nikimsikia usiku najua anashughulika na mambo yake. Shemeji yangu naye alikuwa anahema kwa ngazi tano tu, mashoga wakampa pumu na tangawizi juu. Alipopimwa, damu ilikuwa 6, wakati mwanamke mzima asiye na mimba anatakiwa walau 12. Tangawizi aliendelea nayo, lakini kwenye chai.

Mwaka 2020 na 2021 sitaki kuuzungumza sana. Misiba mingi ilitangazwa kuwa ni changamoto ya upumuaji, na mimi mwenye changamoto hiyo tangu darasa la pili nikawa mtu wa kutazamwa. Nikikohoa kwenye daladala napewa siti nzima na dirisha linafunguliwa, huduma ambayo nimeidai maisha yangu yote. Nyumbani nikafunikwa blanketi juu ya sufuria la nyungu, mwarobaini, mchaichai na majani ambayo aliyeyachuma hakuyajua jina. Nilitoka humo nimebanwa kuliko nilivyoingia. Wakasema dawa imekutana na ugonjwa.

Moshi wa jirani anayechoma takataka saa ya magharibi nimeulalamikia kwa mjumbe. Mjumbe naye huchoma, ila asubuhi.

Upande wa pili wa ukuta ninapoandikia kuna saluni, na siku za Ijumaa kopo la kupuliza nywele halipumziki. Historia yenyewe inanicheka. Mwaka 1955 huko Marekani, binti wa miaka 13 aliyekuwa akitumia kifaa cha kioo chenye mpira wa kubinya alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake ya pumu isiwekwe kwenye kopo la kupuliza kama ya nywele. Baba huyo, George Maison, alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker, na mwaka uliofuata inhela ya kwanza ya namna hiyo ikaingia sokoni. Kinachonifunga kifua na kinachonifungua ni wa ukoo mmoja. Mwenye saluni nilimsimulia kisa hiki nikitumaini ataona aibu. Akauliza kama ya kwangu inashika nywele.

Tatizo la mwisho ni chupa. Inhela inataka ubonyeze na uvute kwa pamoja, polepole, kisha ubane pumzi kama sekunde 10. Yaani mtu anayetafuta pumzi anaambiwa azizuie. Ukikosea, dawa inaishia kooni. Ndiyo maana kuna chemba ya kupulizia dawa kwanza ndipo uivute kwa nafasi. Za dukani bei yake inabana kuliko ugonjwa, lakini watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 katika jarida la The Lancet kwamba kwa watoto waliobanwa, chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitakoni, mdomo wa inhela ukaingizwa hapo na kuzibwa pembeni, ilifanya kazi sawa na ya kununua. Nikaitengeneza, nikaikausha, nikaiweka juu ya kabati. Ni kifaa cha tiba. Mwanangu wa mwisho akakiuza kwa muokota makopo pamoja na ndala zangu.

Ya pili nikaiandika kwa kalamu nene: DAWA. Jumamosi mama mkwe akaja kunijulia hali na mafuta yake ya habbat soda kwenye kikopo. Akatafuta pa kuyahifadhi, akaona chupa safi imeandikwa DAWA, akamimina. Mafuta yote yakaishia kwenye kochi.

"Baba Rehema," akasema huku anapangusa kwa kanga, "kwako hakuna kinachokaa ndani, si mafuta si pumzi."

Nilitaka kumwambia kwamba pumzi ndizo zinazokaa, mama, hazitoki, na ndiyo shida yenyewe. Lakini alikuwa ameshakinga matone ya mwisho kwenye kijiko na ananiambia nifumbe macho, nipanue mdomo.